Kilima Kwenye Blanketi

Kambini, kando ya bwawa
Jumamosi, 3 Februari

Mpendwa wifi,

Salamu nyingi zikufikie huko dukani kwako, na kabla hujaichana hii barua nakuomba usome angalau mpaka ukurasa wa pili. Hujambo? Goti linaendeleaje? Na ile mashine yako kubwa ya kufulia, iliyokuwa ikianza kuzunguka inatembea chumba kizima, imetulia? Sisi huku hatujambo, ukiacha mgongo wangu, ambao umelala chini kila Ijumaa tangu Oktoba.

Najua ni miaka miwili hatujasemezana. Namba zetu umezifungia, na sikulaumu. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Barua haina sauti ya kaka yako nyuma yake ikiuliza, "Unaongea na nani?"

Nikueleze hali ilivyo. Kaka yako amestaafu. Miaka thelathini na moja amepima ardhi za watu na kulala kwenye mahema ya ofisi, mimi nikilala peke yangu nikijiambia, vumilia mama, siku akistaafu utapata mume wa kukaa naye sebuleni. Alistaafu Ijumaa. Jumatatu akanunua hema. Lake mwenyewe, la kijani, la watu wanne. Nikamuuliza hao wawili wengine ni nani. Akasema hapo ni nafasi ya vifaa vya kushonea.

Ndiyo, wifi, kushonea! Kaka yako anashona mablanketi ya viraka, kwa mkono, kama alivyokuwa akishona marehemu mama. Tena si kwa mchezo. Kila kiraka anakipima mara mbili kwa rula ya chuma, anakipa namba kama kiwanja, halafu anakichora kwenye ramani. Ramani ina mshale wa kaskazini. Nikamwambia, "Baba, blanketi halina kaskazini." Akanijibu bila kuinua macho, "Kila kitu kina kaskazini."

Basi kila Ijumaa nikitoka kazini namkuta ameshapakia gari. Bado niko mapokezi pale kliniki ya meno, mtu anaingia analia, anatoka hawezi hata kulia kwa ganzi. Nachoka, nataka kitanda. Lakini hatuondoki mpaka ahesabu vigingi vya hema, kwa sauti, mimi nimesimama pembeni na pochi yangu. Na hapa, wifi, sitaki kukutia hofu, lakini hesabu zimeanza kumshinda. Mpima ardhi mzima! "Sita, saba, tisa…" Kisha ananitazama. Mimi kwa heshima nanyamaza. Anavimwaga, anaanza upya, anaruka tena, ananitazama tena. Nageuza uso nisimwaibishe. Ni umri, tutafanyaje.

Sasa sababu ya barua. Vitambaa anavyokata ni magauni ya mama, yale ya kwenye sanduku. Mimi nilidhani mlikubaliana. Jana nikamuuliza tu, "Na wifi alichukua yapi?" Akaanza kutafuta kastabini, ile kofia ndogo ya chuma ya kuzuia sindano, akapekua hema zima, na ilikuwa kidoleni mwake. Hapo nikajua kuna jambo. Niambie, wifi. Maana mkasi bado unaendelea.

Wifi yako,
mke wa kaka yako


Dukani
11 Februari

Wifi,

Salamu zako nimezipata. Goti halijambo. Mashine nimeifunga kwa nondo. Barua nilisoma mpaka ukurasa wa pili, nikaichana, kisha nikaiunga kwa gundi ili nikujibu sawasawa. Usidhani nimesamehe mtu.

Mlikubaliana! Tulikubaliana lini? Siku ya tatu baada ya kumzika mama nilitoka kwenda kununua sukari ya wageni. Narudi, sanduku halipo. Kaka yako kalipakia kwenye gari la ofisi, kaondoka nalo kwenda kupima mashamba. Hakuniuliza. Mimi niliyemwogesha mama miezi kumi na minne, niliyemlisha na kumgeuza kitandani, sikuachiwa hata leso. Nikaapa siku ile: kama yeye alichukua bila kuuliza, mimi sitaomba. Na hapa siombi. Ninakutuma wewe.

Kuna gauni la njano, refu, lenye vifungo vinane mbele. Saba ni vyeupe. Cha tano kutoka juu ni cha bluu, kwa sababu cheupe kilipotea na mama akasema hakuna mtu atakayehesabu. Ndilo alilokuwa analipenda miezi ile ya mwisho. Vidole vyake vilikuwa havishiki tena, kwa hiyo kila asubuhi nilimfunga vifungo mimi, naye akawa ananihesabia. Tena alikuwa anaruka kimoja makusudi. "Tatu, nne, sita." Nisiposhtuka ananiambia, "Umelala wewe. Fungua, tuanze upya." Kuna asubuhi tulianza upya mara tatu, chai ikapoa, mgonjwa anacheka na muuguzi wake anacheka. Ule ulikuwa mchezo wetu sisi wawili. Mimi urithi wangu ndio huo, na umo ndani ya gauni lile.

Magauni mengine akate, ashone, ajifunike mpaka akose hewa. La njano nalitaka zima. Likinifikia zima, nitafungua namba zenu na tutaongea kama ndugu. Likipitiwa na mkasi, msinitafute tena, iwe kwa simu, iwe kwa barua, iwe kwa msiba. Na usimwambie kwamba nimelitaka.

Wifi yako,
dobi


Kambini, chini ya mlima
Jumamosi, 2 Machi

Mpendwa wifi,

Habari za siku? Wateja wanakuja? Sisi wazima, na leo nina furaha ya mwizi. Nimelipata!

Yaani nilingoja wiki tatu nafasi. Leo kaka yako alikwenda kutafuta mahali pa kusimika hema. Hilo huchukua muda, maana hatulali mpaka aweke pimamaji chini na kile kiputo kitulie katikati. Hata nyumba yetu haijanyooka hivyo. Nikafungua sanduku. Wifi, moyo ulinilipuka. Gauni la njano lilikuwa juu kabisa, kwenye fungu la wiki hii, na mstari wa chaki umeshapita kifuani. Ningechelewa saa moja tu, tungekuwa tunaongea mengine.

Nikalinyakua. Sasa nilifiche wapi? Kwanza kwenye sufuria kubwa. Akarudi anataka chai. Nikalihamishia kwenye mfuko wangu wa kulalia, nikakumbuka jioni huwa anaikung'uta yote kuondoa wadudu. Nikajaribu kulivaa ndani ya koti. Mama alikuwa mwembamba, Mungu amrehemu, na mimi sivyo. Mkono mmoja uliingia ukagoma kutoka, nikabaki nimeinua mkono mbele ya mume wangu kama mwanafunzi anayejua jibu. Akaniuliza, "Unasemaje?" Nikasema hapana, nanyoosha bega.

Halafu akili ikanijia. Blanketi lake kubwa la viraka ameshaliunga. Juu viraka, katikati pamba, chini kitambaa kimoja kizima, na amepiga bandi pande tatu, zile nyuzi ndefu za muda za kushikilia. Upande wa nne uko wazi. Amelikunja kama mkeka na kulifunga kamba, na ameapa hataligusa mpaka uzi maalumu alioagiza ufike, mwezi ujao. Alipokwenda kuchota maji nikalikunjua, nikalitandaza gauni vizuri juu ya pamba, chini ya viraka, halina mkunjo hata mmoja, nikalikunja tena. Nani atatafuta nguo ndani ya nguo?

Hata nyumbani hulala nalo ubavuni, kwa hiyo ningoje kidogo. Tarehe kumi na tano anakwenda kwenye uhakiki wa pensheni, foleni ya kutwa nzima. Siku hiyo nalitoa na kukutumia kwa basi.

Ameniuliza, "Lile la njano umeliona?" Nikamwambia, "La njano lipi?" Akatafuta, akatafuta, mwisho akakaa kwenye jiwe, chaki mkononi. Nilimhurumia. Lakini ahadi ni ahadi.

Wifi yako, jambazi,
mke wa kaka yako


Dukani
9 Machi

Wifi,

Hujambo? Mimi leo nimeamka vizuri.

Umefanya kazi nzuri, nakiri. Siku ya kulituma usilikunje lenyewe kwa lenyewe. Weka karatasi nyeupe katikati, lisishike alama. Si gazeti, wino wake unahama. Vifungo vifunge vyote. Bega utakaponyoosha tena, nyoosha polepole.

Yule mtu wako bado anakohoa akilala chini? Siulizi kwa nia yoyote.

Wifi yako,
dobi


Dukani
28 Aprili

Wifi,

Hujambo.

Tarehe kumi na tano Machi imepita. Aprili inaisha. Nimekwenda ofisi ya basi mara nne, mpaka karani wa vifurushi akiniona anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo. Wiki saba. Kuna nini?

Wifi yako


Nyumbani, chumbani kwangu, mlango nimefunga
6 Mei

Mpendwa sana, mpendwa mno wifi,

Shikamoo. Najua sijawahi kukuamkia hivyo na wewe ni mdogo kwangu, lakini leo pokea tu. Goti? Duka? Kaa chini kwanza. Kama una maji karibu, kunywa.

Gauni ni zima. Naanza na hilo ulishike. Mkasi haukupita.

Tarehe kumi na mbili Machi uzi ulifika mapema. Mimi nilikuwa kazini, na siku hiyo daktari wetu wa meno alikuwa anaumwa jino, watu wamejaa mpaka ngazini, siwezi hata kwenda kunywa maji. Narudi jioni, nyumba kimya. Mezani kuna karatasi: "Uzi umefika. Nimekwenda kambini kushona, mwanga ni mzuri. Pensheni watanihakiki mwezi mwingine. Maharage yako jikoni."

Wifi, alikaa wiki tano. Nilimfuata kila Ijumaa kwa pikipiki, na kila Ijumaa namkuta amelikalia lile blanketi anashona. Nikimwambia apumzike nilikunje, anasema usiguse, utaharibu mvuto wa uzi. Ningefanyaje? Ningesema nini? Ningesema pisha, kuna mzigo wangu humo ndani?

Amerudi nalo limekamilika. Sindano imepita kila upana wa kidole, mishono midogo kama ufuta, kutoka juu mpaka chini, na gauni limo. Alinitandazia kitandani kwa fahari akaniambia, "Kila kitu kimekaa sawa isipokuwa pembe ya kaskazini mashariki. Pana mwinuko." Alivunja sindano tano kwenye huo mwinuko. Unadhani alijiuliza kwa nini? Alichukua ramani yake akachora kilima! Akakizungushia mishono kilima hicho, mduara ndani ya mduara, kama wanavyochora milima ofisini kwao. Halafu akaniambia kwenye kilima kuna vitu vigumu vinane. Kwenye mstari mmoja, wifi. Umbali sawa. Mtu amesomea kupima ardhi miaka mitatu! Nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Unadhani ni nini?" Akasema ni mbegu za pamba, kiwanda siku hizi hakisafishi.

Nimevipapasa mwenyewe. Vyote vinane vimo. Ulisema likipitiwa na mkasi, na mkasi haukulipitia. Limepitiwa na sindano tu, mara elfu moja na kitu.

Nisamehe.

Wifi yako,
mke wa kaka yako


Dukani
13 Mei

Wifi,

Usinichezee maneno. Nilisema zima, na zima ni la kuvaliwa, la kufungwa vifungo na kufunguliwa. Hilo lenu limezikwa.

Mama nimemzika mara moja. Sikukutuma unizikie tena.

Mwambie kaka yako kila kitu, neno kwa neno. Wewe umelifukia, wewe mwambie. Kisha msiniandikie.

Dobi


Kambini, kando ya bwawa
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa wifi,

Umesema nisiandike, na naandika. Ukitaka ichane, gundi unayo. Natumaini u mzima. Mimi mzima wa mwili.

Nilimwambia. Ilinichukua wiki mbili kupata ujasiri, na nilimwambia huku nimeshika mlango wa gari. Kilima ni gauni la njano. Mbegu ni vifungo. Mwizi ni mimi. Wifi ndiye aliyelitaka.

Hakunifokea. Bora angefoka. Alitoka nje akachukua nyundo, akapigilia vigingi ambavyo vilikuwa vimeshapigiliwa. Akarudi akaniuliza, "Alilitaka? Mbona hakusema?" Uvumilivu ukanishinda, nikamwambia, "Na wewe mbona hukuuliza? Ninyi wawili mna midomo ya kazi gani?"

Ndipo akanieleza, na mimi nakueleza kama alivyosema, nisiongeze chumvi. Siku ile ya tatu alisikia mashangazi wanapanga kugawana nguo za mama, huyu hili, yule lile. Akaona zitatawanyika. Akazipakia akimbie nazo, azitunze ziwe zenu wote wawili. Alipofika kambini kwake akakumbuka kwamba siku mama anakata roho yeye alikuwa ndani ya hema, safari ya siku mbili, na wewe ndiye uliyekuwepo. Akaona aibu kulirudisha sanduku. Wiki ikawa mwezi. Anasema hakuweza kukutazama usoni. Alianza kushona kwa sababu hakujua kuomba radhi kwa mdomo. Nikamuuliza blanketi ni la nani. Akaniambia, "Wewe unadhani la nani? Nani mwingine anamjua mama kwa vitambaa vyake?" Lile la njano alitaka alikate nyota ya kushonea juu, katikati.

Sasa sikia balaa. Anafumua. Lote! Kila mshono mmoja mmoja, kwa ncha ya mkasi mdogo, kuanzia pembe ya kusini magharibi kwa sababu anasema kazi hufuatwa ilivyokuja. Leo ni siku ya kumi na mbili na amefumua upana wa mkono. Kidole kina plasta tatu. Macho yamekuwa mekundu. Nimemsihi, nimemnunia, nimeficha miwani yake, ameendelea bila miwani. Anasema atakutumia gauni lako hata kama atalifikia mwakani.

Sikuombi kitu. Ila nimechoka kumwangalia.

Wifi yako,
mke wa kaka yako


Dukani
15 Juni

Wifi,

Salamu.

Anafumua kwa mkasi? Mwambie aache sasa hivi, dakika hii! Kitambaa kile kimefuliwa miaka ishirini, ncha ya mkasi itapita kama kwenye karatasi. Kuna kisu maalumu cha kufumulia, na kuna mkono maalumu, na mkono wenyewe ni wangu. Asiguse kitu.

Nakuja Ijumaa. Siji kwa ajili yake, nakuja kwa ajili ya gauni. Nipe njia, na unitayarishie pa kulala pasipo na wadudu.

Wifi yako,
dobi


Nyumbani
Jumanne, 18 Juni

Mpendwa wifi,

Furaha niliyo nayo sitaiandika, usije ukageuza.

Shuka kwenye kituo cha mwisho, fuata barabara ya vumbi mpaka kwenye lango la bwawa, pinda kushoto. Hema la kijani, limenyooka kuliko yote. Cha kusikitisha ni kwamba mimi sitakuwepo. Kliniki imejaa mno, wamenizuia, nimelia lakini wapi. Mtakuwa ninyi wawili tu. Mto wangu utaukuta, ule wenye maua.

Na nakuomba kwa hisani yako, akianza kuhesabu vigingi usimcheke. Ni umri.

Wifi yako,
mke wa kaka yako


Hemani, kando ya bwawa
Jumapili, 23 Juni

Wifi mwongo,

Hujambo? Na kliniki yako iliyojaa haijambo? Ijumaa nilipiga simu pale nikiwa kituoni, binti mmoja mwenye adabu akaniambia una likizo ya siku nne. Nikakaa na simu mkononi, nikajiuliza nigeuze basi au niendelee. Goti lilikuwa limeshachoka kukaa, nikaendelea.

Nilimkuta kaka amesimama mbele ya hema, kofia mkononi. Amekonda. Amekuwa na mvi kwenye nyusi, hukuniambia. "Goti?" akaniuliza. Nikasema halijambo. "Kikohozi?" Akasema kimeisha. Basi maneno yakatuishia hapo. Tulikula mayai. Alihamisha godoro langu mara tatu kwa sababu ya kile kiputo, mpaka nikamwambia, "Ninalala, sijengwi." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya Ijumaa.

Jana baada ya kunawa nikamwambia alete kazi. Akalitandaza mezani. Wifi, mimi ni dobi miaka ishirini na sita, nguo za kila fundi zimepita mikononi mwangu, na nitasema ukweli hata kama simpendi mtu: mishono yake ni mizuri. Mama angeligeuza kwanza aangalie chini, angetafuta kosa, angelikosa, na ingemuudhi siku nzima. Nikakuta kipande cha gauni lake la kijivu la kazini. Nikakuta lile la madoa alilokuwa analiita la harusi za watu. Nikawa natafuta kilima na macho hayaoni vizuri, kwa hiyo nikatafuta kwa mkono.

Nikakipata. Vifungo vimo, chini ya kitambaa, kimoja baada ya kingine, na cha tano nilikijua kwa sababu ni kinene kuliko wenzake. Kisu kilikuwa tayari mkono wa kulia. Sijui nilianza saa ngapi kuhesabu kwa sauti. "Moja, mbili, tatu, nne, sita…" Kaka alikuwa kwenye jiko la gesi, amenipa mgongo, anachemsha chai. Bila kugeuka akasema, "Umelala wewe. Fungua, tuanze upya."

Kisu kilianguka. Nikadhani umemwonyesha barua yangu, nikaanza kukutukana hapo hapo. Akaniambia barua gani? Nikamuuliza, sasa hayo maneno umeyapata wapi? Akanishangaa. Akasema ni ya mama. Tangu safari yake ya kwanza ya kazi, mama alikuwa akimfungia mizigo mlangoni, anahesabu vigingi vya hema na kuruka kimoja makusudi, na kaka asiposhtuka anamwaga mfuko mzima chini. "Umelala wewe. Fungua, tuanze upya." Miaka yote ile, kila safari, mpaka gari la ofisi linapiga honi barabarani. Anasema hakuwahi kusahau kigingi hata siku moja.

Nililia, wifi. Naye alilia, bado amenipa mgongo, na chai ikafurika yote ikazima jiko. Miaka miwili nilikuwa najua mchezo ule aliniachia mimi peke yangu. Nitakuwa mkweli, niliona wivu kidogo, kama muda wa kikombe kimoja. Kisha akaniuliza, "Asubuhi zenu zilikuwaje?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo. Watu waliniuliza alikufa saa ngapi. Nikamweleza miezi yote kumi na minne, kutoka chai mpaka chakula cha mchana, naye hakukatiza hata mara moja. Alipokuja kusema nisamehe, nilikuwa nimeshasahau kwamba ndicho nilichokuwa nangoja.

Kwa hiyo gauni linabaki humo humo. Hafumui mtu. Nikitaka kumhesabia mama, mkono wangu unajua njia. Blanketi ni langu, alikubali kabla sijafungua mdomo, na nitalifua mwenyewe kwa maji baridi. Ile mashine haitaliona. Sehemu aliyoifumua tunaishona upya, yeye upande wake na mimi wangu. Mishono yangu ni mikubwa, alikuja nayo rula yake, nikamwambia ikinikaribia tena itaokotwa bwawani.

Namba zenu nimezifungua, ingawa huku hakuna mtandao, usihangaike. Hatutarudi leo wala kesho. Duka nimemwachia msaidizi. Njoo Ijumaa na uzi mweupe, sindano nene, mkate, na mto mwingine, maana huu wa maua umeshakuwa wangu. Ile barua yako ya kwanza nimeikumbuka usiku huu, uliniandikia yote na mimi kwa hasira nikapita bila kuona. Kaka hana shida ya hesabu, wifi. Tukikunja hema atahesabu vigingi, ataruka kimoja, kisha atakutazama. Safari hii usigeuze uso. Anakusubiri umjibu tangu Oktoba.

Wifi yako,
hemani